Nyumba ya pogona iwe tayari kabla hujamleta

Pogona ni yule mjusi mwenye ndevu za miiba, asili yake maeneo makavu ya ndani huko Australia, siku hizi Ulaya na Marekani anafugwa sana majumbani. Watu wengi wananunua mjusi na tenki, yaani sanduku la kioo la kumfugia, siku hiyohiyo afu taa eti tutatafuta mwisho wa mwezi. Jamani msifanye hivyo. Andaa nyumba, washa taa siku mbili tatu, pima joto mpaka litulie, ndo umlete.

Tenki lisipungue urefu sm 120, upana 60 na kimo 60, maana mkubwa anafika hadi sm 60 ukihesabu na mkia. Kile kitenki kidogo wanachokuuzia dukani kwa ajili ya mtoto atakijaza ndani ya mwaka na utanunua tena. Na mfuge peke yake, wakiwa wawili mbabe anakalia sehemu ya joto na mwenzake anadhoofika hata kama huoni wakipigana.

Sasa taa, na pesa yako nyingi iende hapa sio kwenye mapambo. Balbu ya joto weka upande mmoja tu, chini yake jiwe bapa au gogo la kuotea lifike nyuzi 38 hadi 42, upande wa pili ubaki 24 hadi 28, ili mwenyewe achague, akiona joto limezidi anahama. Balbu iunge na themostati, kile kifaa kinachozuia joto lisizidi, na upime kwa kipimajoto cha kidijitali kila upande, usikisie kwa mkono. Yale mawe ya umeme ya kupasha joto achana nayo kabisa, yanaunguza tumbo.

Afu taa ya UVB, yaani inayotoa mionzi kama ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hii ndo roho ya mambo yote. Bila hiyo mionzi ngozi haitengenezi vitamini D3, bila D3 kalsiamu ya kwenye chakula haitumiki vizuri, mifupa inalainika, taya linavimba, miguu inapinda, na ikishapinda ni nadra kunyooka, inauma sana kumwona mnyama hivyo wakati ni taa tu. Chukua ile taa ndefu ya mrija mwembamba (T5) iliyoandikwa UVB asilimia 10 au 12, ifike angalau nusu ya tenki na ianzie upande wa joto. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo kinazuia UVB. Taa zikae masaa 12 hadi 14, usiku zizime zote hata zile nyekundu zinazouzwa kwa ajili ya usiku, baridi ya nyuzi 18 anaivumilia.

Chini tandika taili au karatasi, mchanga kwa watoto hapana, wanaumeza unaziba utumbo. Weka pango la kujificha, kibakuli cha maji, na hewa ipite vizuri maana unyevu ukizidi anapata shida ya mapafu. Tarehe uliyofunga UVB iandike ubavuni mwa tenki, mwaka ukiisha badilisha hata kama bado inawaka, mwanga utauona lakini mionzi imeshapungua.