Taa iliyosimama juu ya Kamembe

Jioni moja hapa Nguba, mtaa wa Bukavu, mtoto wa dada yangu alinivuta mkono: "Mama mdogo, ile taa imesimama hewani!" Usimkatalie mtoto, mwambie ahesabu mpaka mia. Ndege ya kutua Kamembe, uwanja wa ndege wa Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi, ikikuelekea moja kwa moja huonekana imeganda, taa zake kubwa zimeungana kuwa moja. Ilinganishe na ncha ya bati la nyumba, utaona inashuka. Kisha tafuta rangi: bawa lake la kushoto lina nyekundu, la kulia kijani. Nyekundu ikiwa kulia kwako, kijani kushoto, inakuja. Sikio usilitegemee: sauti huchukua sekunde tatu hivi kwa kila kilomita, na upepo wa ziwa huipeleka kwingine.