Pumu na msimu wa salfa: maandalizi yanaanza Aprili

Kwa mwenye pumu wa Mtwara au Lindi, miezi migumu huanza mikorosho inapopata maua. Ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, hushambulia machipukizi na maua wakati wa baridi, na wakulima wengi huupulizia salfa, dawa ya unga, kati ya Juni na Septemba. Wakati huohuo kusi linavuma, na usiku wa Newala na Tandahimba huwa wa baridi na ukungu. Vumbi la salfa, hewa baridi na mafua yanayozunguka shuleni humkuta mtu mmoja kwa mpigo. Dawa inayozuia kifua kubana inahitaji wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo anayekwenda kuitafuta Julai amechelewa.

Kwanza, kinachotokea ndani ya kifua. Hewa huingia kwenye mapafu kwa mirija inayogawanyika matawi kwa matawi, kila moja jembamba kuliko lililotangulia. Kwa mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo ina uvimbe hata siku anapojisikia mzima kabisa. Uvimbe huo ndio ugonjwa wenyewe. Akivuta kitu kinachomchokoza, misuli inayoizunguka mirija inakaza, uvimbe unazidi na ute mzito unajaa katika nafasi iliyobaki. Mrija ukibaki na nusu tu ya upana wake, ugumu wa kupitisha hewa hupanda hadi mara 16. Ndiyo maana mtu aliyekula chakula cha usiku akicheka anaweza kuamka saa tisa usiku akishindwa kumaliza sentensi.

Wengi hudhani anayebanwa hapati hewa ya kuvuta. Kwa kweli shida kubwa iko kwenye kuitoa. Ukivuta pumzi, kifua kinatanuka na mirija inafunguka kidogo. Ukiitoa, mirija inabanwa. Hewa iliyotumika inakwama ndani, na mpya inakosa pa kukaa. Filimbi ya kifuani husikika zaidi pumzi inapotoka. Filimbi hiyo ikinyamaza huku mgonjwa bado anahangaika, usishukuru: hewa inayopita haitoshi hata kutoa mlio.

Kila kikohozi si pumu. Pumu huja na kuondoka, huzidi usiku na alfajiri, na huamshwa na vitu vinavyojulikana. Kikohozi kinachopita wiki mbili, kikiambatana na homa, jasho la usiku au kukonda, kinahitaji kipimo cha kifua kikuu kwanza.

Dawa ni za aina mbili, na kuzichanganya ndilo kosa linaloleta wagonjwa wengi hospitalini. Salbutamoli, ambayo mara nyingi huja kwenye pampu ya bluu, hulegeza misuli ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa nne hadi sita. Haigusi uvimbe. Beklometasoni, mara nyingi pampu ya kahawia, hupunguza uvimbe, lakini haimwokoi aliyebanwa sasa hivi. Hutumika kila siku, kifua kikiwa kizuri au kibaya. Rangi hubadilika kiwandani, kwa hiyo soma jina. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima kutegemea salbutamoli peke yake. Ukiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, uvimbe haujadhibitiwa, muone daktari. Vidonge vya salbutamoli vinavyouzwa duka la dawa hufanya kazi polepole, hutetemesha mikono na kukimbiza moyo. Pampu ni bora. Mweleze muuzaji kwamba una pumu kabla hajakupa dawa ya maumivu, kwa sababu aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwabana baadhi ya watu.

Kutumia pampu kunaonekana rahisi, na hapo ndipo dawa nyingi inapoishia ulimini. Itikise. Ikiwa mpya au imekaa muda mrefu, puliza hewani kwanza kama maelezo yake yanavyosema. Toa pumzi polepole mpaka iishe. Funga midomo kuzunguka mdomo wa pampu, anza kuvuta taratibu, bonyeza mara moja tu, endelea kuvuta kwa sekunde tatu hadi tano. Shikilia pumzi hadi sekunde 10. Subiri nusu dakika kabla ya pulizo la pili. Baada ya beklometasoni sukutua na uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni.

Mtoto, na mtu yeyote aliyebanwa sana, hawezi kufuata hayo yote. Anahitaji chombo cha kati, kinachokaa baina ya pampu na mdomo, na chupa ngumu ya maji ya nusu lita inatosha. Watafiti wa Cape Town walionyesha hivyo kwa watoto mwaka 1999. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa pampu, upashe moto, uyeyushe tundu kwenye kitako cha chupa. Pampu iingie kwa kubana. Penyo lolote lizibe kwa plasta. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, maana kitambaa huipa plastiki umeme unaonasa dawa ukutani. Mgonjwa anapumua kwenye mdomo wa chupa: pulizo moja, pumzi nne hadi sita, ndipo pulizo jingine. Kubonyeza mara nne mfululizo ni kupoteza dawa.

Akibanwa, mketishe wima, ameinama kidogo mbele. Asilale. Mpe mapulizo manne ya salbutamoli, moja moja kwa chupa. Subiri dakika nne. Hajapata nafuu? Mpe manne mengine huku usafiri unatafutwa, na endelea hivyohivyo njiani. Usisubiri kabisa ikiwa hawezi kumaliza sentensi, mtoto hawezi kunyonya, ngozi inazama kati ya mbavu, midomo inageuka rangi, au anasinzia. Bajaji ni afadhali kuliko bodaboda, kwani atakaa wima bila kula vumbi. Kama unaishi ndani zaidi, Liwale kwa mfano, jua mapema ni kituo gani cha karibu chenye oksijeni. Swali hilo liulizwe mchana, siku ya kawaida.

Sasa shambani. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri kwa sababu umande huishikisha kwenye maua na upepo bado umetulia. Mwenye pumu asishike mashine, wala asichanganye wala kubeba mifuko. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini kiasi hicho. Kusi husukuma vumbi kuelekea kaskazini na kaskazini-magharibi, kwa hiyo nyumba iliyo upande huo wa shamba ndiyo inayopokea. Mwombe jirani akutaarifu jioni ya kuamkia siku ya kupuliza. Ni ombi dogo, na wengi hukubali. Asubuhi hiyo fungeni madirisha ya upande wa shamba na msianike nguo. Anayerudi kupuliza avue nguo nje na aoge kabla ya kumbeba mtoto.

Msimu wa korosho ukifika huja moshi wa kuzichoma. Mafuta ya ganda yanapoungua hutoa moshi mkali unaowasha koo hata la mzima. Chomeeni mbali na nyumba, mgonjwa akae upande upepo unakotoka. Jiko la kuni nalo litoke chumba cha kulala.

Mwisho ni hesabu ya kopo la dawa lililo ndani ya pampu. Kopo la mapulizo 200, ukitumia mawili asubuhi na mawili usiku, ni siku 50. Kuliweka kopo kwenye maji kuona kama linaelea hakukwambii kitu, na dawa ikiisha, kopo huendelea kutoa gesi tupu inayofanana na dawa. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya wino usiofutika: lililofunguliwa Aprili 10 linaisha Mei 29, kwa hiyo la pili liwe ndani kabla mashine ya kwanza ya salfa haijanguruma.