Namna ya kuisoma ripoti ya Robertson kuhusu Mwambao

Wanafunzi wangu wa historia wakiipata ripoti ya 1961 kuhusu Mwambao, yaani ukanda wa maili kumi wa Pwani ya Kenya, hukimbilia mapendekezo. Usiende huko kwanza. Anzia kwenye hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi aliyopewa mwandishi. Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, alitumwa na Uingereza na Sultani wa Zanzibar ashauri mkataba wa 1895, ulioipa Uingereza kuutawala ukanda huo uliobaki mali ya Sultani, urekebishwe vipi, kwa vile mambo ya katiba Afrika Mashariki yalikuwa yakibadilika. Alisikiliza watu, lakini hakuagizwa kupigisha kura.

Halafu fungua mkataba wenyewe. Uingereza ilimlipa Sultani kodi kila mwaka, na bendera yake nyekundu ikapepea Fort Jesus, ngome ya Mombasa. Weka ramani kando, utie kidole Kilindini, bandari ya Mombasa iliyomo ndani ya ukanda huo, ufuate reli mpaka Uganda. Utaelewa upesi kwa nini Robertson alipendekeza Mwambao uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru.

Penye ardhi ndipo ukae kitako. Chukua makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, upigie mstari kila ahadi: uhuru wa dini, mahakama za Kadhi, watoto wa Kiislamu kufundishwa Kiarabu, hati za ardhi kutambuliwa. Ahadi ya Kadhi utaikuta hai katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Ile ya hati isome pamoja na sheria ya ardhi ya 1908, iliyomtaka kila mwenye dai Pwani aliwasilishe lisajiliwe. Wamijikenda wengi, ambao mashamba yao yalikuwa ya ukoo, hawakupata hati. Basi kifungu kilichomlinda mwenye karatasi kilimwacha mkulima wa Kilifi akiitwa skwota, mkaaji asiye na haki ya ardhi, penye makaburi ya wazee wake. Hapo huniuma kila mwaka ninapofundisha, na sitaki mwanafunzi apapite mbio.

Jambo jingine: usiandike "watu wa Pwani walitaka" kana kwamba walikuwa na kauli moja. Wapo waliodai Mwambao ujitawale au urudi kwa Sultani. Ronald Ngala, mtoto wa Pwani, na chama chake cha KADU walitaka majimbo yenye madaraka yake ndani ya Kenya. Kila dai liandike pamoja na aliyelitoa, na kama alikuwa na hati ya shamba au hana.