Kuanza kushika siku ya Kiyahudi: asubuhi, chakula, somo la wiki, kisha Sabato

Anayeanza hutaka kubeba yote kwa mkupuo: sala tatu kwa siku, Talmud (mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi), jiko la kosher (linalofuata sheria za chakula), Sabato nzima. Haupiti muda, keshachoka. Mimi nashauri hatua moja ikae kama mwezi mzima, izoeleke, ndipo uongeze nyingine.

1. Asubuhi

Ukifumbua macho, hata kabla ya kushuka kitandani, sema Mode ani (mwanamke husema Moda ani), sentensi fupi ya kumshukuru Mungu kwa kukurudishia roho yako. Haitaji jina la Mungu, ndiyo maana husemwa kabla ya kunawa. Kisha chukua kikombe, mimina maji mkono wa kulia, halafu wa kushoto, ukipokezana hadi kila mkono upate mara tatu.

Baadaye soma Shema, ungamo la kwamba Mungu ni mmoja: Kumbukumbu la Torati 6:4–9 na 11:13–21, kisha Hesabu 15:37–41. Ukibanwa na kazi, anza na fungu la kwanza.

Shema ina muda wake. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika sehemu yake ya Berakhot, inafuata kauli ya Rabi Yehoshua: hadi mwisho wa saa tatu. Hapa sisi tumepata nafuu, kwa sababu marabi huhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kumi na mbili hadi linapozama, karibu kama tunavyohesabu wenyewe. Nairobi jua hutoka yapata saa kumi na mbili na nusu, basi mwisho ni kama saa tatu na nusu asubuhi. Aliye London au Toronto asitegemee hesabu hii. Huko saa hizo hurefuka kiangazi na kufupika majira ya baridi, atazame kalenda ya Kiyahudi ya mji wake.

2. Kabla ya kula

Jifunze baraka mbili kwanza: *bore pri haetz* kwa tunda la mti na *bore pri haadama* kwa zao la ardhi. Embe ni la mti. Ndizi je? Ni ya ardhi, kwa kuwa shina la mgomba likishazaa hufa, halizai tena. Shulhan Arukh, kitabu cha sheria za Kiyahudi, imelitaja hilo waziwazi. Ugali wa mahindi hauhesabiwi mkate, maana mahindi hayamo katika zile nafaka tano za mkate (ngano na shayiri zimo). Baraka yake marabi wamehitilafiana, fuata ya rabi wako.

3. Somo la wiki

Torati imegawanywa mafungu 54, na kila fungu lina sehemu saba. Jumapili soma ya kwanza, Jumamosi umalizie ya saba. Biblia ya Kiswahili inatosha kuanzia. Ongeza maelezo ya Rashi, mwanachuoni wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki 1105. Yeye huanza pale andiko linapokwaza. Kwa hiyo andika swali lako kwanza, ndipo umsome.

Daf Yomi, ukurasa mmoja wa Talmud kila siku, iliyoanza 1923, iache kwa sasa. Ina kurasa 2,711, miaka saba na nusu.

4. Sabato

Anza na Ijumaa jioni tu. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Chakula kiwe kimeshaiva. Mezani weka mikate miwili mizima, ukumbusho wa mana maradufu ya Kutoka 16. Zile kazi zilizokatazwa, ambazo Mishna inaziita arobaini kasoro moja, jifunze kidogo kidogo.

Kama wewe si Myahudi, soma kadiri upendavyo, ila Sabato kwa ukamilifu ni agano la Israeli. Kuingia ndani yake kunapitia kwa rabi, baraza la watu watatu, kuzama mikve (dimbwi la kutakasia) na, kwa mwanamume, tohara.

Jumamosi usiku, nyota tatu zikionekana, fanya havdala, ibada fupi ya kuaga Sabato: kikombe cha divai, mshumaa wenye tambi zaidi ya moja, na manukato ya kunusa. Usihangaike kutafuta manukato ya kuagiza; karafuu za dukani zinafaa kabisa.