Kabla ya Jumapili yako ya kwanza: kwa mchungaji anayehamia Tanga

Barua ya uhamisho ikikufikia, usianze kwa kumtafuta mwenye lori la kubeba makochi. Mpigie kwanza mchungaji unayempokea. Mwombe mkae siku mbili pamoja pale usharikani kabla hajaondoka, yeye akiwa na funguo na wewe ukiwa na daftari.

Usharika wangu wa kwanza hapa Tanga niliupokea kwa mdomo. Mwenzangu aliondoka Jumanne, mimi nikafika Ijumaa jioni. Mzee wa kanisa akanikabidhi funguo kumi na tisa zilizofungwa kwa kipande cha waya, hakuna hata mmoja wenye alama. Tulijaribu mmoja mmoja hadi giza likaingia. Sita hazikufungua kitu chochote. Kabati la chuma la ofisini likabaki limefungwa mpaka fundi alipokuja kulikata, na ndani tukakuta vitabu vya nyimbo vilivyotafunwa na panya. Karatasi za kiwanja hazikuwemo. Zilikuwa nyumbani kwa mzee aliyefariki mwaka uliotangulia, chini ya sanduku la nguo, na watoto wake hawakujua kuwa ni za kanisa. Mjane wake ndiye aliyezitambua, miezi saba baadaye, wakati jirani alikwisha anza kuchimba msingi upande wetu wa mpaka.

Kwa hiyo makabidhiano yaandikwe, yasainiwe na wawili ninyi, na awepo shahidi kutoka baraza la wazee. Ulizia ardhi kabla ya kitu kingine. Kwa kawaida kiwanja cha kanisa huandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wala si kwa jina la mchungaji au mzee aliyesimamia ununuzi. Ukikuta jina la mtu, hata kama ni mtu mwema kabisa, peleka taarifa dayosisi wiki hiyo hiyo, kwa sababu mtu mwema naye hufa, na warithi wake hawakuwepo kwenye kikao. Mitaa ya pembezoni, yaani vituo vidogo vya ibada vilivyo chini ya usharika, mara nyingi haina hati, ina mkataba wa mauziano tu uliogongwa mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Nenda ukatembee kwenye mipaka hiyo kwa miguu, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa na majirani wote. Wao ndio watakaoitwa siku ya ugomvi.

Vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa vihesabu kimoja kimoja. Watu huja kutoka mbali kuomba cheti cha ubatizo ili wakaombe cheti cha kuzaliwa ukubwani, na ukurasa uliolowa ni maisha ya mtu yaliyokwama. Tanga ina unyevu na mchwa. Vitoe sakafuni, vipige picha, nakala moja ikae dayosisi. Na kwa kuwa tumetaja ndoa: hakikisha leseni yako ya kufungisha ndoa iko sawa kabla hujakubali tarehe ya mtu yeyote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio itolewe angalau siku 21 kabla, na wapo watakaokuja na kadi za mwaliko zimekwisha chapwa wakikuomba ufumbe macho.

Sasa fedha. Hapa nitakaa kidogo, maana wachungaji wengi walioharibikiwa hawakuiba hata shilingi. Walikubali tu kubaki peke yao na hela.

Kabla ya Jumapili ya kwanza, ulizia sadaka inahesabiwa wapi, na nani, na saa ngapi. Utaratibu ninaouamini ni huu: meza moja, mlango wazi, watu watatu wasio wa nyumba moja, mmoja anahesabu, wa pili anarudia, wa tatu anaandika. Noti zinapangwa kwa thamani, sarafu zinawekwa mafungu, bahasha za ahadi zinafunguliwa pale pale na namba ya msharika inaandikwa kabla bahasha haijatupwa. Wote watatu wanasaini, kiasi kinatangazwa Jumapili inayofuata, na fedha zinakwenda benki Jumatatu asubuhi zikiwa zima. Usikubali mtu akatoe humo nauli ya kwaya kwanza. Wewe mchungaji usiwe miongoni mwa watatu hao, na usilale na sadaka chumbani kwako hata usiku mmoja. Wakikuambia "baba mchungaji, sisi tunakuamini", washukuru, kisha uwarudishie mfuko.

Jambo jipya linalosumbua sasa ni matoleo kwa simu. Ulizia ile namba ya kutolea sadaka inayoandikwa kwenye ubao imesajiliwa kwa nani. Laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kama ilisajiliwa kwa mtunza hazina wa zamani, basi fedha za kanisa ziko chini ya kidole chake, na akihama, akiugua au akikosana na wazee, mtabaki mnatazamana. Fungueni namba kwa jina la kanisa, iunganishwe na akaunti ya benki yenye wasaini zaidi ya mmoja. Fanya hivyo kwa upole na mapema, kabla hakujatokea tuhuma yoyote, ili mzee wa watu asione kwamba ameshukiwa.

Kisha watumishi. Omba mkataba wa kila mmoja: katibu, mhasibu, mwinjilisti, mwalimu wa chekechea, mlinzi. Mara nyingi mlinzi hana. Amelinda miaka kumi na moja kwa maneno ya mdomo na kilo za mchele wakati wa Krismasi. Sheria ya ajira inamhusu naye pia: likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa pamoja ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri akiwa na sehemu yake ya kulipa. Madeni ya aina hii yaandikwe kwenye makabidhiano, kwa sababu siku mlinzi atakapozeeka atakuja kwako, hatamfuata aliyehama. Na huyo mlinzi, kama ana umri wa baba yako, mwamkie wewe. Atakuita baba, ni sawa, lakini shikamoo itoke kwako. Hapa Tanga watu husikiliza salamu kabla ya mahubiri.

Usimwondoe mtumishi yeyote miezi sita ya kwanza, isipokuwa kuna wizi au mtoto amedhuriwa. Hilo la pili halina subira: kabla hujafika, jua ni nani wanaokaa na watoto wa shule ya Jumapili, na utaratibu uwe watu wazima wawili kila darasa. Ushauri wa faragha na wewe uutoe mlango ukiwa wazi, mtu akiwa karibu.

Majirani zako wengi watakuwa Waislamu, na washarika wako wana shangazi na binamu msikitini. Katembee kwa imamu wa karibu kabla hujafungua spika. Mwambie jina lako, mwulizie yake, mwachie namba ya simu. Elekeza spika ndani badala ya barabarani, na mkesha wenu usiangukie saa za tarawehe bila kuzungumza kwanza. Msiba ukitokea Ngamiani au Makorora, nenda, hata kama marehemu si wako. Utakaa kwenye mkeka na kanzu za watu, hutaombwa kuhubiri, na hutakiwi kuhubiri.

Nyumba ya mchungaji ikague kwa mvua akilini. Masika huanza Machi, na chumvi ya bahari hula mabati na misumari upesi, hasa ukiwa upande wa Raskazone. Angalia mifereji ya paa, tanki la maji na mita ya LUKU. Uhamisho wa shule wa watoto uanze kushughulikiwa mara barua inapokufikia, na mama mchungaji aulizwe naye anaacha nini huko mnakotoka.

Jumapili yenyewe usitangaze mpango wowote. Hubiri, kisha keti nje pamoja na watu kwenye mnada wa mazao na mifugo iliyotolewa sadaka. Tazama nani anainua bei ya mkungu wa ndizi ulioletwa na bibi asiye na kitu, nani ananunua nazi halafu anampelekea mjane kimya kimya, nani anaondoka kabla mnada haujaanza na kwa nini jirani zake wanamsindikiza kwa macho. Kaa mpaka jogoo wa mwisho apate mnunuzi, halafu saidia kurudisha mabenchi ndani.