Snuka kwenye meza ya jetoni

Mimi ni fundi wa kushona, Kamalondo, hapa Lubumbashi, na snuka, mchezo wa kutumbukiza mipira ya rangi kwenye matundu ya meza kwa fimbo, niliijua kwa njia ya kitambaa. Mwaka 2011 nilivuka mpaka wa Kasumbalesa nikaenda kutafuta maisha Kitwe, Zambia, nikashona huko miaka mitatu. Siku moja nilipeleka suruali nilizopunguza kwenye klabu ya zamani ya watu wa migodi. Ndani nikamkuta mzee ameinama juu ya meza kubwa ya kijani, pasi mkononi, anaipiga meza pasi.

"Bashikulu, na meza nayo inaenda arusini?" nikamtania; bashikulu huko ndiyo babu.

Hakucheka. Alinishika kiganja akakipitisha juu ya kitambaa. Kwenda, laini kama shavu la mtoto; kurudi, kinakwaruza. Mahameli ndivyo yalivyo, na kila fundi anajua ukikata kipande kimoja juu chini, nguo inatoka na rangi mbili. Kitambaa cha snuka ni cha sufu, manyoya yake yamelala upande mmoja, kutoka mwisho unaoanzia mchezo kwenda mwisho wenye mpira mweusi. Hupigwa brashi kuelekea huko, kisha pasi kuelekea huko huko. Mpira unaokwenda taratibu kinyume cha manyoya unaweza kupinda kabla ya kufika. Meza zetu za bilyari kitambaa chake hakina manyoya, na kama yalikuwepo, bia imeshayamaliza.

Nilirudi Lubumbashi mwaka 2014. Karibu na duka langu hakuna meza ya snuka. Ipo meza ya bilyari ya jetoni, kile kibati cha kulipia mchezo, kwenye nganda (baa) ya mama mmoja, hatua arobaini kutoka kwenye cherehani yangu, na hapo ndipo ninapowafundishia vijana. Karibu kila kitu cha snuka unaweza kujifunzia hapo, isipokuwa umbali. Kazi kubwa ni kuondoa yale ambayo bilyari imekuzoesha.

Kwanza vipimo, maana mita haitoki shingoni mwangu. Meza ya mama, sehemu ya kuchezea, ilinipa sentimita 183 kwa 91. Meza kamili ya snuka ni 357 kwa 178. Ukizidisha utaona kitambaa chake ni karibu mara nne. Mipira niliipima kiuno kama ninavyompima mteja: wa snuka sentimita 16 na nusu, ya jetoni 16, na mweupe wa jetoni, ule unaopigwa kwa fimbo, 15 tu, kwa sababu mashine ya ndani inautambua kwa udogo wake na kuurudisha ukitumbukia. Ile mipira mikubwa ya bilyari ya Kimarekani inafika 18. Kwa hiyo mchezaji wa snuka amepewa uwanja mara nne na mpira ulio karibu sawa na wetu. Isitoshe, midomo ya matundu yake imeviringwa. Kwetu mpira ukigusa kona hujikongoja ukaanguka. Kule unatikisika mdomoni, unageuka, unabaki nje unakutazama.

Sheria sasa. Kwenye bilyari swali la kwanza ni "yangu ni ipi?", ya mistari au ile mingine. Kwenye snuka hakuna mpira wako isipokuwa mweupe, na huo pia mnaazimana. Mingine 21 ni ya wote, mnahesabu pointi. Myekundu iko 15, kila mmoja pointi 1. Halafu kuna sita za rangi: njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6, mweusi 7. Unatia mwekundu, ndipo unaruhusiwa kutia mmoja wa rangi unaoutaka. Mwekundu ukiingia umekwenda. Wa rangi unarudishwa kwenye alama yake. Kisha mwekundu tena, rangi tena, mpaka ukose. Myekundu ikiisha, za rangi zinafuatana kuanzia 2 hadi 7, na safari hii hazirudi. Ukisimama mwisho wa kuanzia ukitazama upande wa mweusi, kijani iko kushoto, kahawia katikati, njano kulia.

Mtu akitia myekundu yote 15 na kila mara akafuatiza mweusi, anapata 120. Ongeza 27 za mwisho, ni 147. Mwaka 1997 Ronnie O'Sullivan alizipata zote kwa dakika 5 na sekunde 8. Tangu macho yaanze kuchoka, mimi muda huo unaisha sindano haijapata uzi.

Kosa nalo lina bei nyingine. Kwenye nganda ukikosea mwenzako anapata mapigo mawili. Kwa sheria za Kimarekani anauokota mweupe na kuuweka anapotaka. Snuka inampa mwenzako pointi, si chini ya 4, na zinaweza kufika 7, lakini mweupe unabaki pale pale ulipolala, isipokuwa kama umetumbukia. Kugusa mpira wowote kwa nguo ni kosa pia. Mchezo wangu wa kwanza wa maana kule Kitwe niliinama kulenga mwekundu, mkono wa shati ukaipapasa pinki. Pointi 6 zikaenda. Shati nililishona mwenyewe, mikono mipana, na siku ile nilikuwa nimejisifia mbele ya watu.

Kwa kuwa mweupe haunyanyuliwi, kumfichia mwenzako ni shambulio kamili. Unauacha mweupe nyuma ya mpira wa kahawia, mwekundu wowote hauguswi kwa njia iliyonyooka, yeye atafute kingo za meza za kurushia mpira. Huko kufichwa ndiko kunaitwa snuka. Maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa India walilitumia neno hilo kumtania mwanajeshi mgeni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mwaka 1875 huko Jabalpur mmoja wao, Neville Chamberlain (si yule waziri mkuu wa Uingereza), akaubandika mchezo wao mpya jina hilo. Kwa hiyo kijana wangu akikosa mpira wa wazi namwita kwa jina la mchezo, na hana haki ya kununa.

Jambo la kwanza la kuacha ni nguvu. Mtoto wa kartie, wa mtaani, anafungua bilyari kama anapasua kuni, na watu wanashangilia. Ufungue snuka hivyo, umempa mwenzako myekundu iliyotawanyika na mweupe katikati yake. Atakaa mezani, wewe utakaa kwenye kiti unywe soda mpaka iishe. Kufungua kwa snuka ni kuukwangua mwekundu wa pembeni, kidogo tu, mweupe uguse kingo na kurudi kule ulikotoka, mbali kabisa. Niliwaonyesha vijana hilo pigo. Mmoja akauliza kwa huzuni ya kweli, "Papa, sasa tutachapa siku gani?"

Jambo la pili ni kusimama wima. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kulia ukanyage kwenye mstari wa pigo lenyewe. Inama mpaka kidevu kiiguse fimbo. Mkono wa kushoto ulale mezani, vidole vimetanuka, kidole gumba kimeinuliwa kufanya bonde, na fimbo iteleze bondeni. Wacheza bilyari wengi huizungushia fimbo kidole cha shahada kama pete, hiyo iache. Bega, kiwiko na fimbo viwe ukuta mmoja. Fimbo za snuka zina ncha ya milimita 9 au 10, wakati za Kimarekani zinafika 13, na ncha nyembamba haimfichii mtu aliyekosa katikati. Rudisha fimbo polepole, tulia kidogo, kisha ipitishe moja kwa moja. Wakati wa kupiga, jicho liwe kwenye mpira unaoulenga, mweupe ulishauangalia.

Paka chaki kabla ya kila pigo. Chaki ya bilyari, tafadhali. Kuna mmoja aliniibia chaki ya kuchorea vitambaa akaipaka kwenye ncha, fimbo ikateleza mpaka kwenye kioo cha friji. Ile ya mezani jina tu ndilo chaki. Ndani yake ni unga wa kukwaruza, aina ya silika, na kazi yake ni kushika.

Mazoezi yenyewe tunayafanya Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaja na kabla umeme haujatukatikia. Weka mweupe katikati ya mwisho mmoja wa meza, ulenge alama ya katikati ya meza, upige taratibu mpaka kingo ya mbali. Fimbo usiiondoe. Mpira ukirudi ukagusa ncha ya fimbo, umeupiga katikati. Ukirudi kushoto au kulia, umeuzungusha bila kujua. Nilikaa wiki sita kwenye zoezi hili peke yake, na Bashikulu alikuwa anapita nyuma yangu na brashi bila kusema neno. Wanangu wanalichukia. Wakilalamika nawaongezea mapigo kumi.

Kulenga: kiwazie kitovu cha mweupe kikielekea ukingoni kabisa mwa mpira wa pili. Ukipiga hivyo unafunika nusu ya mpira ule, nao unaondoka kwa pembe ya karibu nyuzi 30. Lijue pigo hilo moja kama unavyojua upana wa shibiri yako. Mengine yote unayapima kutoka hapo: mnene zaidi au mwembamba zaidi ya nusu.

Halafu karatasi ya patroni, ile ya kuchorea nguo kabla ya kukata. Nakata kipande cha ukubwa wa daftari nakilaza mezani. Kijana anatia mpira na mweupe lazima usimame juu ya karatasi. Juu ya kitovu, mweupe unafuata mbele. Katikati, kwa pigo kavu lililonyooka, unasimama. Chini, unarudi nyuma. Akifaulu mara tano naikunja karatasi nusu. Hapa ndipo mcheza bilyari anapogundua kwamba miaka yote alikuwa anatia mpira na kumwachia Mungu mweupe.

Akizoea, tunapanga mipira sita kwenye mstari katikati ya meza, mmoja mmoja, na kuitia yote bila mweupe kugusa mwingine wowote. Inaonekana rahisi mpaka wa tatu.

Ndipo mchezo wenyewe. Mipira ya mama ina namba, nami nikaona zawadi iliyokuwa imelala pale: namba 2 hadi 7 tayari zina pointi za snuka! Hizo ndizo rangi zetu. Iliyobaki tisa, yaani 1, 8 na 9 hadi 15, ndiyo myekundu. Tia mwekundu, kisha rangi, rangi irudi mahali pake, kama kule. Jumla ya juu kabisa ni tisa mara nane, 72, na 27 za mwisho: 99. Nyuma ya mlango wa nganda kuna karatasi yenye rekodi. Mimi nina 41. Kuna kijana wa Katuba mwenye 58, na nimemwambia anyamaze.

Shida ilikuwa jetoni. Mpira ukitumbukia mashine inaumeza, na rangi zetu lazima zirudi. Nikaja na mabaki ya vitambaa nikayaziba matundu yote sita, mpira uingie uishie juu. Mama akatoka jikoni, harufu ya michopo nyuma yake.

"Papa Fundi, meza yangu unaivalisha nini?"

Tulielewana: ninamlipa kwa saa, na kaptula za shule za watoto wake nashona bila malipo.

Mwaka 2023 Luca Brecel wa Ubelgiji alichukua ubingwa wa dunia kule Sheffield, wa kwanza kutoka bara la Ulaya. Nusu fainali alikuwa nyuma 5 kwa 14, akageuza mpaka 17 kwa 15. Fainali akamshinda Mark Selby 18 kwa 15. Hapa dukani ilizuka kesi ya saa nzima, wazee wakidai Wabelgiji walituachia bilyari isiyo na matundu kabisa. Wana haki kwa nusu: ile ya kugonganisha mipira mitatu ndiyo iliyopendwa sana kwao. Snuka ni ya Waingereza, na ndiyo maana mimi ilinibidi nivuke mpaka kuikuta.

Siku utakapoifikia meza kamili, usipange myekundu yote. Weka mipira ya rangi peke yake na uitie kwa zamu, 2 hadi 7, mpaka jicho likubali umbali. Utaona pia huufikii mweupe. Hapa vijana wanapanda mezani kwa goti. Kule lazima mguu mmoja ubaki sakafuni, ndiyo sababu kuna kijiti kirefu chenye kichwa cha msalaba: unakilaza mezani, fimbo inapita juu yake. Nyumbani tumejitengenezea kwa mpini wa fagio na vipande viwili vya mbao.

Anayetaka kuja Jumamosi aje saa mbili, na alete vitambaa vyake vya kuzibia. Vyangu mama ameshavigeuza vya kufutia glasi.