Matokeo yamekuchoma: la kufanya kuanzia usiku ule

Mimi mshoni wa nguo, Wete, kisiwani Pemba, na kura napiga tangu 1995. Chama changu sikitaji. Wa mtaani wanakijua. Vijana wananiuliza wafanye nini na hivi vifua vinavyowaka baada ya matokeo kutangazwa. Haya ndiyo ninayowajibu.

Usiku wa kwanza usibishane wala usisambaze kitu. Makundi ya WhatsApp saa hizo hujaa nambari zisizo na baba. Ikiwa ulikuwa wakala wa chama kituoni, nakala yako ya fomu ya kituo iweke pakavu, ina saini za watu na ina kazi yake.

Halafu sikitika. Wapo wanaokimbilia "Mungu kapanga" kabla chai haijapoa, wiki ya pili wanampiga mtoto kwa kikombe kilichovunjika. Mwambie mumeo, mkeo au shoga yako: imeniuma. Siku zikipita hulali na chakula hakipiti, nenda hospitali, kama unavyokwenda kwa homa.

Ila kususia, wanangu, msisusie. Mwaka 1995 mshindi wa urais wa Zanzibar alitangazwa kwa asilimia 50.2 na mwenziwe 49.8, na Pemba tukasusiana kweli kweli. Mtu alilipita duka la jirani akaenda kununua sukari mbali, kwa kuwa muuzaji ni wa chama kile. Harusi hazikwendwa. Maziko nayo! Watu wa mtaa mmoja walikaa barazani wakitazama jeneza likipita. Waliotangazwa na waliokosa walikuwa na maisha yao huko Unguja, huku sisi tukibaki na wafiwa wasio na wa kuwashika mkono. Tulikaa miaka hivyo.

Kwa hiyo anzia dukani. Asubuhi yake nenda kwa yule ambaye chama chake kimeshinda, ukanunue hata kiberiti. Toa salamu, lipa, ondoka. Hongera ikigoma kutoka usiilazimishe. Akikutania, mwambie leo husemi siasa. Akirudia, nenda zako, hakuna atakayekulaumu. Kwenye msiba lakini hakuna udhuru. Akifiwa mtu wa upande ule, mwanamme ashike jeneza, mwanamke akakae na mfiwa na asaidie kuosha masufuria.

Sikwambii usahau. Mimi naikumbuka 27 Januari 2001 watu walipouawa hapa Pemba, na 28 Oktoba 2015 uchaguzi mzima wa Zanzibar ulipofutwa, ukaja kurudiwa 20 Machi 2016. Kumbuka kwa tarehe, wasimulie watoto. Ila muuza kiberiti hakufuta uchaguzi wa mtu.

Mikono nayo ipewe kazi. Kura zetu huwa Oktoba, na mwaka wa mavuno mazuri karafuu zinakuwa bado juu ya miti. Zikishuka, kaeni mchambue pamoja, nyumba mbili tatu. Mtu anayetenga makonyo, vile vijiti vya karafuu, huku anaangalia mvua isimkute na karafuu majamvini hana nafasi ya ugomvi mrefu.

Anayeniambia kwamba siasa basi tena, simkubalii. Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, walikutana Ikulu. 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais kilitoka hapo. Kazi hiyo ilifanywa katikati ya chaguzi mbili, wakati mabango yameshachakaa.

Nawe chagua shida moja tu: maji, au dawa kituo cha afya, au ile njia inayokatika masika. Mwandikieni mwakilishi wa jimbo hata kama hukumpa kura. Watie saini watu wa vyama vyote viwili, maana barua ya upande mmoja atasema ni ya wapinzani wake. Muandike nambari za simu mbili, moja ya kila upande, na nakala mumpe sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, naye aipige muhuri mbele yenu.